Tusilipie Cheo, Tulipie Swali

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mhasibu anayeishi Dar es Salaam, mbele ya wana-Utemini waliokusanyika kwa harambee ya mwaka. Inachapishwa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

  

Kamati ya elimu imenigawia kazi ngumu. Wenzangu wamepewa madawati, paa la darasa na matundu ya vyoo, vitu ambavyo mtu akitajiwa tu mkono unaingia mfukoni wenyewe. Mimi nimepewa ombi la mwalimu mmoja, binti wa hapa hapa kwetu. Ana shahada ya uzamili. Sasa anataka kusoma shahada ya uzamivu, ile tunayoiita PhD, katika utawala wa michezo na sayansi ya mwendo wa mwili wa binadamu. Ameomba chama kimshike mkono.

Ombi liliposomwa kwenye kikao, mjumbe mmoja aliuliza, "PhD ya kukimbia?" Watu wakacheka sana. Lakini lile ni swali halali, na mtu anayeombwa fedha ana haki ya kuliuliza. Nitalijibu kwa namna ninayoijua, namna ya mhasibu: tunanunua nini, kwa utaratibu gani, na kisipofika hasara ni ya nani.

Nianze na tunanunua nini.

Somo hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mwili wenyewe: jinsi unavyokua, unavyopumua, unavyochoka, unavyoumia na unavyopona. Chuo Kikuu cha Windsor kule Kanada kina kitivo kizima cha fani hii, na kule Nigeria Chuo Kikuu cha Ibadan kina idara yake. Upande wa pili ni utawala: nani anamiliki timu, nani anatunza uwanja, mkataba wa mchezaji unaandikwaje, hesabu zinakaguliwa na nani, ratiba ya michezo shuleni inapangwaje na fedha zake zinatoka wapi. Upande mmoja unapima mtoto. Upande mwingine unapima sisi watu wazima tunaomsimamia.

Hapa nchini fani hii si ngeni. Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, Mwanza, kinachotoa makocha na viongozi wa michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa hiyo binti yetu hajazua kitu hewani.

Na uzamivu ni nini? Kiswahili chenyewe kimeshatuambia. Mzamivu ni mtu anayezama. Sisi tuliokulia karibu na ziwa Singidani na ziwa Kindai tunajua tofauti ya mtu anayeogelea juu juu na mtu anayeshika pumzi akaenda chini kutafuta kitu. Shahada ya kwanza unafundishwa yanayojulikana. Ya uzamili unafundishwa jinsi yanavyotafutwa. Ya uzamivu unapewa miaka mitatu, minne, au zaidi ukisoma huku unafanya kazi, utafute jambo moja ambalo hakuna aliyelipatia jibu. Unaandika pendekezo la utafiti, wasimamizi wanalichambua, unaomba kibali, unakwenda kukusanya taarifa, unaandika tasnifu, halafu unasimama mbele ya wataalamu kuitetea. Ukishindwa kuitetea, hupewi.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Katika safari hiyo yote kuna vitu viwili vinavyoweza kulipiwa. Kimoja ni cheo, zile herufi mbili za "Dk." mbele ya jina. Kingine ni swali. Cheo ni cha mwenye nacho, ataondoka nacho popote aendapo. Swali likipata jibu, jibu ni letu sote. Mimi sikuja kuwaomba mlipie cheo. Nimekuja kuwaomba mlipie swali.

Wengine wataniuliza, katika michezo kuna maswali gani ya kumpeleka mtu chuo kikuu? Mpira ni mpira. Nitatoa mifano ya kweli.

Miaka ya 1990 mwanasayansi wa Sweden, Bengt Saltin, na wenzake walikwenda Bonde la Ufa kule Kenya kuwapima wakimbiaji na vijana wa shule. Dunia nzima ilikuwa inajiuliza, hawa watu wanashinda kwa sababu gani? Moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba vijana waliokuwa wakienda shule kwa miguu, kwa kutembea na kukimbia, walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia hewa kuliko wenzao wasiofanya hivyo. Baadaye Mkenya, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akishirikiana na watafiti wa Glasgow, aliwahoji wakimbiaji wa Kenya kwa mamia, na mwaka 2006 matokeo yakachapishwa. Wakimbiaji wa ngazi ya kimataifa, wengi wao walikuwa wamekimbia kwenda shule utotoni, kwa kiwango kikubwa kuliko Wakenya wa kawaida waliolinganishwa nao. Mnaona tofauti? Wageni walikuja kupima, wakaondoka na vipimo vyao. Mwenyeji alipoingia, aliuliza habari za nyumbani: unatoka wapi, ulikwenda shule vipi, ulikuwa mbali kiasi gani.

Na hapa Tanzania tunaye Cyprian Maro. Yeye alifanya utafiti wake akishirikiana na wasomi wa chuo cha michezo cha Norway kilichopo Oslo. Aliangalia mradi uliokuwa ukiitwa EMIMA, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, katika maeneo ya watu wa kipato cha chini Dar es Salaam. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, kijana anaelewa habari za kujikinga na UKIMWI zaidi akifundishwa na kijana mwenzake kwenye mazoezi ya mpira, au akifundishwa darasani kama kawaida? Alipima pande zote mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mafunzo yaliyotolewa uwanjani na makocha vijana yalifanya kazi vizuri zaidi. Hiyo ndiyo "PhD ya mpira". Haikufundisha mtu kupiga penalti. Ilionyesha njia ya kuokoa maisha ya watoto.

Yupo pia Dk. Hamad Ndee wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika historia ya michezo katika jamii zetu tangu kabla ya ukoloni, na maandishi yake yakachapishwa katika jarida la kimataifa la historia ya michezo mwaka 2010. Bila watu kama yeye, mtoto wetu angeamini kwamba michezo ililetwa na meli.

Sasa turudi nyumbani. Singida tuna sababu gani ya pekee ya kujali haya?

Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, mwana wa Singida, Alphonce Simbu kutoka Ikungi, alishinda mbio ndefu za dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huo huo, ikabidi picha iamue, na Simbu alikuwa mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha kabla yake. Nakumbuka simu zilivyowaka siku ile. Kila kundi la WhatsApp la watu wa Singida liligeuka uwanja wa shangwe.

Lakini baada ya shangwe mhasibu hufungua daftari. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Mwaka 1980 kule Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha za Olimpiki. Kutoka hapo mpaka Olimpiki ya Paris 2024, hakuna medali nyingine ya Olimpiki iliyokuja Tanzania. Miaka 44. Je, katika miaka 44 ardhi hii iliacha kuzaa watoto wenye mapafu? Hapana. Simbu ametuonyesha kwamba watoto wapo. Kilichokosekana kiko katikati, baina ya mtoto anayekimbia na mkimbiaji anayeshinda: mwalimu, kiwanja, ratiba, chakula, kocha, nauli, chama cha michezo chenye hesabu zinazosomeka. Hayo ni mambo ya utawala. Na angalieni, Bayi na Nyambui wenyewe walipomaliza kukimbia waliingia huko huko, Bayi kwenye Kamati ya Olimpiki ya Tanzania na Nyambui kwenye chama cha riadha. Miguu huchoka mapema, uongozi ndio unaobaki.

Kwenye mpira sisi watu wa Singida tuna somo letu wenyewe. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Mwaka 2022 tukapata Singida Big Stars, ambayo awali iliitwa DTB. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate, halafu jina la Singida likaondoka. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ikaja kwetu ikawa Singida Black Stars. Shabiki mwenye kabati la jezi anaweza kuwasimulia historia hii bila kufungua kitabu. Silaumu mtu. Kila aliyeleta timu alitupa furaha, na fedha alizotumia ni zake. Nauliza tu swali la mhasibu: katika kuja na kuondoka kwa majina haya yote, nini kilibaki Singida ambacho kinaandikika kwenye daftari la mali? Viwanja vingapi vya watoto? Makocha wangapi wenye vyeti? Hayo nayo ni maswali ya tasnifu.

Na tunalo la karibu zaidi. Mohamed Dewji, aliyekuwa mbunge wetu wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, ndiye aliyetangazwa mwaka 2017 kushinda zabuni ya kuwekeza Simba. Nchi nzima ikaanza kuzungumza habari ya asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Vijiweni kila mtu alikuwa mtaalamu. Lakini thamani ya jina la klabu, rangi zake na mashabiki wake unaipimaje mpaka useme asilimia moja ni shilingi kadhaa? Mimi nina miaka mingi kwenye kazi ya hesabu, na nawaambia hilo si jambo la kumaliza kwa kikokotoo. Linahitaji mtu aliyezama. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa fainali za AFCON za 2027. Nchi inajenga viwanja. Viwanja vikishajengwa vinahitaji watu wanaojua kuviendesha visije vikawa malisho ya mbuzi.

Sasa nifike kwa binti yetu na swali lake, maana ndilo mnaloombwa kulilipia.

Anauliza hivi: wasichana wa Singida wanaacha michezo wakiwa na umri gani, na kwa nini?

Swali hili halikuanzia maktaba. Lilianzia mchakamchaka. Sisi wote hapa tumekimbia mchakamchaka asubuhi, wavulana na wasichana, mstari mmoja. Jioni tulicheza: wavulana chandimu, wasichana rede na mdako. Msichana wa darasa la nne anakimbia kama swala. Ukija kumwangalia akiwa kidato cha pili, amekaa pembeni ya kiwanja ameshika madaftari ya wenzake. Kati ya hapo na pale kimetokea nini?

Kila mtu ana jibu lake. Baba atasema, mwili umebadilika, ni maumbile. Mama atasema, kazi za nyumbani, nani atachota maji? Mwalimu atasema, hakuna vifaa. Mwingine atasema ni mavazi, au ni maneno ya watu. Msichana mwenyewe huenda atasema hana taulo za kike, na shule haina mahali pa kubadilishia nguo. Majibu yote hayo yanaweza kuwa ya kweli. Lakini lipi ni kubwa, lipi ni dogo, na lipi linaanza? Hakuna hata mmoja wetu anayejua kwa uhakika, na sisi ndio tunaotoa fedha.

Ndiyo maana anahitaji pande zote mbili za fani. Kwa upande wa mwili atapima kimo, uzito, kasi, na umbali ambao mtoto anatembea kwa siku, kwa kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni na kuhesabu hatua. Siku hizi bodaboda zimefika kila mtaa. Wapo watoto wanaopelekwa shule na bodaboda, na wapo wanaotembea. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Watoto wetu wanazifikisha? Na kina mama wanaohudhuria kliniki za shinikizo la damu na kisukari leo, miili yao ilianza kukaa chini lini? Kwa upande wa utawala atafungua ratiba za shule, atahesabu viwanja na mipira, ataangalia nani anafundisha michezo na kama alisomea, na atakaa na wazazi kuwasikiliza.

Ndugu zangu, tazameni orodha ya miradi yetu. Karibu kila mwaka kuna mipira na jezi. Nimeziona risiti, ni halali kabisa. Lakini tunanunua jezi bila kujua kama tatizo ni jezi. Tuseme kesho tukachanga fedha nyingi kusawazisha kiwanja, halafu tukagundua kwamba msichana haji kiwanjani kwa sababu hana mahali pa kubadilishia nguo. Tutakuwa tumewajengea wavulana kiwanja cha pili. Chumba kimoja chenye mlango na maji kingegharimu sehemu ndogo ya fedha hizo. Sijasema kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu sijui. Nasema kujua kwanza ni rahisi kuliko kujenga mara mbili.

Mnakumbuka Magdalena Shauri, Mtanzania mwenzetu, aliyeshika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41? Kuna mwingine kama yeye ameketi pembeni ya kiwanja hapa Singida na madaftari mikononi? Na hata kama hakuna, huyo aliyeketi ana haki ya kuwa na mwili wenye afya.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana nimezisikia zote.

Ya kwanza: madawati kwanza. Nakubali. Ndiyo maana napendekeza mfuko huu uwe na daftari lake na akaunti yake, na shilingi ya dawati isiguswe. Atakayetaka kuchangia madawati peke yake, achangie madawati kwa moyo mweupe, hatutamnunia.

Ya pili: kwa nini tusimsomeshe daktari wa hospitali? Chama kimekwisha kusaidia vijana wa afya na kitaendelea. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wana mlango wa Bodi ya Mikopo, hata kama ni mwembamba. Mtu wa uzamivu kwenye michezo anagonga milango michache sana, na mara nyingi mwenye mlango ndiye anayemchagulia swali. Anayelipa ndiye anayeuliza. Tukitaka swali letu liulizwe, tuwe miongoni mwa wanaolipa.

Ya tatu: si ingetosha stashahada ya Malya? Kwa kazi ya ukocha inatosha kabisa, na mimi naunga mkono tupeleke vijana wawili huko. Hii ni ngazi, kila kipande kina kazi yake. Makocha wa Malya watamfundisha mtoto. Mtafiti atatuambia ni watoto gani hawamfikii kocha.

Ya nne, na ndiyo kubwa: akishapata udaktari atarudi kweli? Wazee, siwezi kuwadanganya. Anaweza kupata kazi Dar es Salaam, Dodoma au hata nje ya nchi, na hakuna mkataba unaoweza kumfunga mtu kamba. Ndiyo maana nasema tulipie swali. Taarifa zitakusanywa hapa, kwa watoto wa hapa, na matokeo lazima yasomwe hapa. Masharti ninayopendekeza ni haya.

Kwanza, ada italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na gharama za utafiti zitalipwa kwa risiti. Hakuna fedha itakayopita mkononi mwa mtu bila karatasi.

Pili, tutalipa kwa hatua. Pendekezo la utafiti likipita, tunalipa. Kibali cha utafiti kikitoka COSTECH, tunalipa. Taarifa zikikusanywa, tunalipa. Rasimu ikifika kwa wasimamizi, tunalipa. Wapo wanaoanza uzamivu wakaishia njiani, hilo lipo kila mahali duniani. Akisimama hatua ya pili, tutakuwa tumepoteza hatua mbili, hatutakuwa tumepoteza zote nne.

Tatu, tasnifu itaandikwa kwa lugha ambayo chuo kinataka, lakini ataandika muhtasari wa Kiswahili unaosomeka na mzazi wa kawaida, na atausoma hapa Utemini mbele ya wazazi, walimu na wasichana wenyewe. Nakala zitabaki chama, shuleni na ofisi ya kata.

Nne, hakuna mtoto atakayepimwa bila ridhaa ya mzazi na yake mwenyewe. Wasichana watapimwa na wanawake, na majina yao hayataandikwa popote. Hilo chuo kitalidai, lakini na sisi tulidai.

Mwisho, fedha. Tuseme tuko watu 200 na kila mmoja akatoa 5,000 kwa mwezi, bei ya soda chache na chipsi. Hiyo ni 1,000,000 kwa mwezi, 12,000,000 kwa mwaka, 48,000,000 kwa miaka minne. Sisemi ndiyo bei ya masomo yake. Bei ni ile iliyo kwenye barua ya chuo, nayo mweka hazina ataiweka mezani kila mtu aione. Binti mwenyewe ni mtumishi. Akiruhusiwa masomoni kwa utaratibu wa mwajiri, ana mshahara wake wa kumtunza, kwa hiyo hatuombwi kumlisha. Nawaonyesha tu kwamba hesabu hii haihitaji tajiri mmoja. Inahitaji wengi wasiokatisha. Katika michango yote niliyowahi kukagua, iliyokufa haikufa kwa udogo wa kiasi. Ilikufa mwezi wa tano, watu walipoacha kutuma.

Kamati itapiga kura mchana huu baada ya chakula. Mkikataa, nitaheshimu, na nitachangia madawati kama kila mwaka. Ila nawaomba msikatae kwa sababu ya kicheko cha "PhD ya kukimbia". Kama mnakataa, mkatae baada ya kujibu swali lake: msichana wa darasa la nne aliyekimbia kama swala amekwenda wapi? Atakayekuwa na jibu la uhakika, aje mbele anieleze, na nitaliondoa ombi hili mezani.

Karatasi za ahadi ziko kwa mweka hazina, pale karibu na mlango. Ndugu mnaosoma haya kwenye kijitabu mkiwa mbali, karatasi yenu imebanwa katikati ya kurasa hizi. Jazeni, irudisheni, na kila mwezi tumeni mlichoahidi.

Mungu aibariki Utemini, aibariki Singida.